Chuma Hakina Rangi, Kina Majirani

Mwalimu wangu wa kwanza wa kuchora chuma alikuwa sufuria. Sufuria mpya ya alumini, ile kubwa ya kupikia wageni, ambayo mama watoto aliinunua Kamukunji, kwa mafundi bati wa hapa Nairobi, na kuitundika ukutani jikoni, kitako kikitazama nje. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama pale na mswaki mdomoni, nikisubiri chai ichemke, jua likaingia dirishani, na kitakoni mwa sufuria nikaona mabawa mawili ya mwanga. Moja lilielekea juu na jingine chini, ncha zao zikikutana katikati kabisa, mfano wa kipepeo aliyetundikwa wima. Baina ya mabawa hayo, kushoto na kulia, alumini ile ile ilikuwa nyeusi. Sisemi kijivu. Nyeusi kama tumbo la jiko.

Nikasogeza kichwa kushoto, mabawa yakageuka pamoja nami. Nikakirudisha, nayo yakarudi. Chai ikafurika.

Wakati huo nilikuwa nimehangaika wiki tatu na ngao ya duara isiyofika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimeipaka kijivu, nikaongeza kijivu chepesi zaidi, kisha nikaweka nukta nyeupe katikati kwa matumaini. Ilifanana na ugali wa jana. Siku hiyo nilichelewa kazini, lakini nilipanda matatu nikijua kosa langu: nilikuwa napaka rangi ya chuma, na chuma hakina rangi.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze kidogo. Kuna sisi watu wazima tunaonunua visanamu vya wapiganaji, wa kale na wa kubuni, vya plastiki au resini, vikiwa kijivu mwili mzima, tukavipaka rangi kwa brashi yenye ncha kama unywele. Vile vya kuchezea michezo ya vita mezani huwa na urefu wa milimita 28 au 32 hivi. Vya kuwekwa kabatini hufika 54 au 75. Wengi wetu tuliingizwa katika ulevi huu na Warhammer, mmoja wa michezo hiyo ya vita mezani, ambayo kampuni yake iko Nottingham, Uingereza, na ambayo mashindano yake ya upakaji, Golden Demon, yalianza mwaka 1987. Hapa Nairobi tuko wachache. Meza yangu iko kwenye kona ya chumba cha kulala, na taa yake ni moja. Mamangu akija kututembelea hukitazama kile kikosi, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole wote, "Na hivi vidoli, mwanangu, vinaleta unga?"

Havileti unga, wala sukari. Vinameza.

Sasa, mpiganaji wa kale ni mzigo wa chuma. Ana upanga, ngao, na zile zana ambazo majina yake niliyajua shule ya Jumapili kabla ya kuziona popote: dirii kifuani, chapeo kichwani. Ukikosea chuma, umekosea nusu ya mtu. Njia ya haraka ni kununua rangi yenye vumbi linalometa ndani yake, chembechembe za alumini au mika. Unapaka, inang'aa, unaenda kulala. Nilifanya hivyo kwa miaka miwili bila kuona ubaya wowote, mpaka nilipoanza kupiga picha. Katika picha, askari wangu walionekana kama wamemwagiwa ule unga wa kumetameta wanaojipaka wasichana usoni wakienda harusini.

Sababu ni hesabu ya darasa la nne. Mtu wa kawaida akipunguzwa mpaka milimita 28, amepunguzwa kama mara 60. Upanga umepunguzwa, kidole kimepunguzwa, lakini chembe zilizo ndani ya rangi hazikupunguzwa na yeyote. Kwa kisanamu, zile ni kokoto. Zaidi ya hayo, rangi ile huakisi taa ya chumba chako, na taa ya chumba changu haijui kwamba askari huyu yuko uwanjani saa sita mchana. Kwapa lake, ambalo lingekuwa gizani, likielekea balbu linawaka. Bega lake, ambalo lingewaka, likigeuka kidogo linazima.

Malalamiko haya si mageni. Mwaka 1435 Mtaliano Leon Battista Alberti, akiandika kuhusu uchoraji, aliwalaumu wachoraji waliokuwa wakibandika dhahabu halisi kwenye picha zao. Hoja yake ni hiyo hiyo ya kwapa: dhahabu ikiwa juu ya ubao bapa, mahali palipopaswa kuwa na giza panang'aa, na palipopaswa kuwa na mwanga panaonekana peusi. Akasema anayestahili sifa ni yule anayeiga mng'ao wa dhahabu kwa rangi za kawaida. Mwaka mmoja kabla yake, 1434, Jan van Eyck alikuwa amechora wanandoa chumbani mwao, na juu ya vichwa vyao kining'inia cha mishumaa cha shaba. Picha hiyo iko London sasa. Ikuze kwenye simu yako mpaka mwisho na utafute shaba iko wapi. Utakuta kahawia, manjano iliyochoka, na vidoa vya rangi karibu na nyeupe.

Watu wa visanamu waliichukua mbinu hiyo na kuiita kwa kifupi NMM, yaani "non-metallic metal": chuma kinachochorwa kwa rangi zisizo na chuma. Mimi huiita chuma cha uongo, na mama watoto huiita "ile kazi yako ya usiku".

Nilianza vibaya. Kabla ya rangi yoyote, kisanamu hupigwa andakoti ili rangi zishike. Kopo la andakoti la kuagiza nje hugharimu, ukijumlisha usafiri na ushuru, kiasi ambacho sitakiandika hapa kwa sababu mke wangu husoma blogu hii. Kwa hiyo nikaenda duka moja la rangi za magari mjini nikaomba rangi nyeusi ya kupuliza. "Hii inashika kila kitu, boss," muuzaji akaniambia, na kweli ilishika. Ilimshika mpanda farasi wangu ikamla. Thina ya rangi zile za magari huyeyusha plastiki ya visanamu. Uso wa farasi ulilainika mbele ya macho yangu, mdomo ukaungana na shingo. Bado ninaye. Nimempa cheo cha farasi wa vita vilivyopita.

Vifaa vingine ni vya kuungaunga na sivionei haya. Brashi za manyoya ya kolinski, mnyama wa jamii ya kicheche, ni tamu, lakini nilijifunzia zile za kuchorea kucha, kutoka maduka ya urembo ya Dubois Road. Muuzaji aliniuliza kama namchukulia madam. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Kibao changu cha kuchanganyia rangi ni kifuniko cha mkebe wa Kasuku: ndani nimelaza sponji ya kuoshea vyombo iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na rangi hukaa juu ya karatasi ikinyonya unyevu polepole. Si pambo hilo. Nairobi iko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Januari hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Rangi ya akriliki isiyo na unyevu chini yake inakuwa ganda kabla hujageuka.

Na rangi yenyewe lazima izimuliwe. Tabaka la kwanza liwe kama maziwa ya pakiti. Zinazofuata ziwe nyepesi zaidi, na zile za mwisho, za kulainisha mpaka baina ya giza na mwanga, ziwe kama strungi iliyochemshiwa majani ya jana. Unapaka, unasubiri ikauke, unapaka tena, na kila mara brashi unaivutia upande unaotaka rangi ikolee, kwa sababu pale unapoinyanyua ndipo rangi nyingi hubaki. Upanga mmoja wa urefu wa sentimita mbili umewahi kunichukua tabaka 20 na zaidi. Niliacha kuhesabu nilipoanza kujihurumia.

Haya yote, hata hivyo, ni mkono. Tatizo langu lilikuwa jicho.

Jumamosi iliyofuata ile asubuhi ya sufuria nilienda Kamukunji bila nia ya kununua kitu. Kama hujawahi kufika, utaisikia kabla ya kuiona: nyundo mia zikigonga kila moja kwa wakati wake, mabati yakilia, mtu akipiga kelele ili mwenzake aliye hatua mbili asikie bei. Hapo mapipa hugeuzwa majiko, bati hugeuzwa masanduku ya wanafunzi wa bweni, na alumini hugeuzwa karai na sufuria. Nilisimama mahali ambapo sanduku jipya lilikuwa karibu na jiko lililokwisha kupakwa na sufuria zilizopangwa kama mnara, nikaanza kutazama kama mjinga.

Mambo niliyoyaona siku hiyo yamenitosha mpaka leo. Bati lililo laini kabisa lina mipaka mikali: hapa peupe, hapa peusi, hakuna mazungumzo katikati. Bati lililosuguliwa kwa msasa lina mipaka iliyofifia, kama mtu aliyelifuta kwa kitambaa. Kwa hiyo kisu kipya na jembe kuukuu havitofautiani kwa rangi. Vinatofautiana kwa jinsi giza linavyoingia kwenye mwanga. Sufuria iliyozungushwa kwenye mashine ina mikwaruzo midogo ya duara ambayo huioni, nayo ndiyo inayoukusanya mwanga kuwa yale mabawa. Bomba hubeba mwanga kwa mistari mirefu inayofuata urefu wake, na karibu kabisa na mstari mweupe zaidi ndipo palipo na mstari mweusi zaidi. Hilo la mwisho lilinishangaza. Nilikuwa nimezoea kwamba mwanga mkali hupungua taratibu mpaka kivuli, kama kwenye shavu la mtu au chungu cha udongo. Chuma hakina adabu hiyo. Kinaruka.

Na nikaona jambo jingine. Sanduku moja lilikuwa na upande wa buluu na mwingine wa rangi ya matofali, ilhali fundi alikuwa hajalipaka chochote. Upande mmoja ulitazama mbingu. Mwingine ulitazama ukuta wa jirani.

"Kijana, unanunua ama unapima?" Fundi mmoja mzee alikuwa ameacha nyundo ananitazama.

"Naangalia tu, mzee. Nachora."

"Unachora sanduku?"

"Nachora vile linang'aa."

Alinitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akarudi kwenye kazi yake. Nilinunua kifuniko cha sufuria ili nisionekane mpelelezi.

Ikanibidi nirudie kila kitu nilichodhani nakijua. Kama chuma ni kioo kibovu tu, basi swali la kuuliza si "hiki ni cha rangi gani", bali "kimesimama wapi na kinamwona nani". Chuma cha pua hakiongezi rangi yake katika kile kinachokiona, ndiyo maana twakiita kijivu. Dhahabu na shaba huinyonya buluu na kurudisha kilichobaki, kwa hiyo vyote vinavyoonekana ndani yake vina umanjano au wekundu. Ndiyo maana pia dhahabu ya mwanafunzi huharibika kirahisi: anapaka manjano, anaongeza manjano, na anachopata ni mtungi wa maji wa lita 20. Dhahabu nyingi ni kahawia. Kuna kahawia iliyokolea kama kahawa, kisha rangi ya haradali, manjano kidogo tu, na mwisho nukta ya rangi ya krimu ambayo ukiitoa kwenye muktadha wake ungeapa ni meno ya mtu.

Nilidhani nimegundua jambo ambalo Nairobi yote hailijui. Kumbe Nairobi yote hulipanda kila asubuhi.

Angalia herufi za kromu kwenye ubavu wa nganya, yaani matatu yoyote iliyopambwa vizuri. Vijana wa umri wangu tunakumbuka mwaka 2004, kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoifuta michoro hiyo barabarani na kutuachia mstari wa manjano. Kisha miaka ikapita na michoro ikarudi kwa kelele zaidi. Rafiki yangu mmoja alinipeleka gereji moja ya Eastlands kwa fundi anayeandika majina hayo kwa bomba la kupulizia rangi, mtu ambaye miaka ile ya ukame aliishi kwa kuandika "Nyama Choma" kwenye kuta za bucha. Nilimkuta akimalizia herufi S ndefu kama mtoto wa darasa la pili. Ilimeta. Nilitamani kuigusa.

"Fundi, hii kromu umetumia rangi gani?"

"Kromu gani? Hapo hakuna kromu. Hapo ni buluu, nyeupe na kahawia."

"Lakini inang'aa."

"Inang'aa kwa kichwa chako."

Akanionyesha, bila hata kuzima kile kimashine cha upepo. Juu ya herufi ni buluu iliyoiva, ikishuka inapauka mpaka inakuwa nyeupe. Inapofika nyeupe kabisa, katikati ya herufi, unakata mstari wa kahawia karibu nyeusi, mkali kama wembe. Kutoka hapo kwenda chini, kahawia inafifia taratibu mpaka rangi ya mchanga. Sehemu ya juu ni mbingu. Ule mstari ni mahali ambapo mbingu hukutana na nchi. Chini ni barabara. Jicho likiona mbingu na barabara zimekaa ndani ya herufi, linakata shauri lenyewe kwamba herufi ni kioo. Watu wa visanamu wana jina refu kwa mbinu hiyo hiyo, ya mbingu na ardhi, na nimesoma maelezo ya kurasa nyingi juu yake yasiyofikia zile dakika zake kumi.

"Usikate mstari katikati kabisa," aliongeza. "Ukikata katikati inakaa bendera."

Ushauri huo nimeutumia kuliko wowote. Mpaka wa mbingu na nchi ukipinda kufuata umbo la kitu, chuma kinakuwa na mwili. Ukiwa umenyooka na umegawanya sawa kwa sawa, umechora bendera ya nchi ambayo haipo.

Hapo ndipo nilipomchukua Mreno wangu. Ni kisanamu cha milimita 75, resini, kilichochapishwa kwa printa ya 3D hapa hapa mjini: askari aliyesimama, mkono kiunoni, kofia ya chuma yenye kilemba juu kama cha jogoo na ukingo ulioinuka mbele na nyuma kama mtumbwi. Nilimweka mwaka 1593, mwaka ambao Wareno walianza kujenga Fort Jesus, Mombasa, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kwangu mahali na saa vilikuwa na maana kuliko cheo chake, kwa sababu kofia ingeniuliza: nimesimama wapi?

Nilivyojifunza kwa kuiga wachoraji wa Ulaya, chuma changu chote kilikuwa cha buluu ya baridi, mawingu mazito, alasiri ya Novemba ya mahali ambako sijawahi kufika. Kizuri sana. Lakini Mreno huyu alikuwa juu ya mwamba wa matumbawe, bahari mkono wake wa kushoto. Jua la huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi wa Machi au Septemba saa sita mchana husimama utosini na kivuli cha mtu humwagika miguuni. Basi mwanga mkali wote ukaenda kileleni mwa kilemba cha kofia, juu ya mabega, na kwenye ukingo. Uso wake uliingia gizani chini ya ukingo huo, hadi nikalazimika kuyarudia macho mara mbili ili yaonekane. Chini ya tumbo la dirii, mahali ambapo zamani ningeweka kahawia ya tope la Ulaya, niliweka mwanga hafifu wa rangi ya krimu, kwa kuwa matumbawe hurudisha mwanga mwingi wa jua. Upande wa kushoto nikapitisha tabaka tatu za strungi ya kijani na buluu. Bahari. Ukitazama haraka huioni. Ukiiondoa, dirii inakufa.

Kofia ilichukua usiku nne. Wa kwanza ni wa kuchora ramani tu: rangi tatu, nyeusi, kijivu cha kati na nyeupe, bila kulainisha chochote. Usiku huo ndio wenye kazi halisi. Ukikosea mahali pa mwanga, kulainisha mipaka ni kumpaka mafuta maiti. Hupiga picha ya hatua hiyo, nikaipunguza kwenye simu mpaka ikalingana na stempu, na kama bado inaonekana chuma hivyo ilivyo chafu, naendelea. Usiku wa pili na wa tatu ni strungi juu ya strungi. Mwanafunzi huogopa nyeusi na nyeupe. Hujificha kwenye vijivu vya kati ambako hakuna anayemsumbua, na matokeo yake ni saruji. Mimi nilikuwa fundi saruji kwa muda mrefu. Sasa najilazimisha: karibu theluthi moja ya kofia iwe na giza, na nyeupe tupu iwe na vidoa vichache sana, kila kimoja kikigusana na giza mahali fulani.

Usiku wa nne stima zilipotea. Nikawasha mshumaa, na kwa mwanga wake nikawaona askari wangu wa zamani rafuni, wale wa rangi ya vumbi la alumini. Walikuwa wazuri ajabu. Moto ulitembea juu ya ngao zao kila mshumaa ulipotikisika, huku Mreno wangu aliyeng'arishwa kwa siku nyingi amekaa kimya, amebeba jua la saa sita katika chumba chenye giza, kama mtu aliyevaa miwani ya jua usiku. Lazima niwe mkweli hapa: kama unapaka jeshi zima la kuchezea mezani, tumia rangi zenye vumbi na ufurahie maisha. Chuma cha uongo ni cha kisanamu kimoja, na hata hicho kina upande wake. Binti yangu wa miaka sita alikizungusha akakitazama kwa nyuma, akauliza, "Baba, jua la huku limeenda wapi?" Hakukosea. Mwanga uliochorwa haumfuati mtazamaji. Unachagua mahali pa kusimamia, na anayesimama kwingine anaona madoa. Nilimwambia jua la nyuma limeenda kulala. Hakuridhika, wala mimi.

Nilipomaliza misumari ya shaba iliyozunguka kofia, kila mmoja na nukta yake ya kahawia, haradali na krimu, nilimfunga Mreno kwa kitambaa nikamtia kwenye kikopo na kurudi Kamukunji. Sijui nilitaka nini. Labda kusifiwa na mtu ambaye mikono yake inajua.

Yule mzee alikuwepo, sanduku jingine mapajani. Alinikumbuka kama mtu wa kifuniko kimoja. Nikamfungulia kisanamu, akafuta mkono kwenye aproni, akakishika kwa vidole viwili na kukipeleka karibu na macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mchoraji angefanya: akakigonga kwa ukucha na kukitegea sikio.

"Hii ni plastiki?"

"Ndiyo, mzee. Rangi tu."

Akacheka, akakigonga tena kuhakikisha. Akamwita mwenzake aje aone, naye mwenzake akagonga. Moyo wangu ukawa umeanza kuvimba, nakiri, hadi mzee alipokigeuza na kuipitisha kucha yake juu ya kilemba cha kofia, mbele mpaka nyuma.

"Na hapa wameunga wapi?"

"Kuunga?"

"Bati haiwezi kupanda hivi peke yake ikakunja hapa juu. Lazima ni vipande viwili. Hii upande huu, hii upande huu, halafu unapiga hapa juu. Iko wapi alama?"

Sikuwa na jibu. Nyumbani nilitafuta picha za kofia za namna hiyo zilizo katika majumba ya makumbusho, na nikakuta kwamba za mwanzo mafundi hodari walizinyanyua kwa nyundo kutoka kipande kimoja, lakini nyingi za baadaye, zile za askari wa kawaida, ziliundwa kwa nusu mbili zilizounganishwa pale pale juu ya kilemba. Askari wangu ni wa kawaida kabisa. Aliyechonga kisanamu hakuiweka ile alama, nami nilikuwa nimekaa usiku nne nikilainisha mahali ambapo palipaswa kuwa na kovu.

Kwa hiyo Mreno amerudi mezani. Mstari wa kuunga huchorwa kwa viboko viwili: mmoja wa nyeusi yenye buluu kidogo, mwembamba kadiri brashi ya kucha inavyoruhusu, na chini yake tu, bila kuacha nafasi, mwingine wa karibu nyeupe, kwa sababu ukingo wa bati la pili hudaka jua. Nimeshachora nusu, kutoka mbele mpaka utosini. Hapo utosini ndipo penye ule mwanga mkali kuliko wote, na bado sijaamua kama alama ipite juu yake au ifie ndani yake.